Mwaka Niliotaka Kuimaliza Laini

Mzee Nyongesa tulimzika Gilgil, kwenye kishamba alichonunua alipostaafu, na aliyekuwa akiongoza ibada alinipa dakika mbili niseme neno kwa niaba ya tuliofanya naye kazi. Nikasema alikuwa mtu wa kufika mapema, mtu wa chai isiyo na sukari, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia mgonjwa sauti. Watu waliitikia kwa vichwa. Niliyosema yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yale niliyotoka nayo Nakuru. Niliporudi kwenye kiti changu cha plastiki, ambacho miguu yake ilikuwa inazama kwenye udongo wa mvua, niliona goti langu la kulia limeanza kuchezacheza. Halikuwa limefanya hivyo kwa miaka mingi. Mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na tano lilicheza kutwa, chini ya meza, kanisani, hata nikiwa nimelala, na Mzee alizoea kuliangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa jikoni. Naandika hapa yale ambayo dakika mbili hazikutosha, ingawa najua hata ningepewa saa nzima nisingeyasema mbele ya mke wake na watoto wake.

Kazi yetu, katika hospitali ya Nakuru, ilikuwa kupima mapafu. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya mashuka, na rafu za mbao zilikuwa bado na maandishi ya rangi nyeupe: MASHUKA, BLANKETI, NGUO ZA WATOTO. Dirisha moja lilitazama mgongo wa jiko la hospitali, kwa hivyo saa tulizijua kwa pua: saa nne uji, saa sita kabeji, saa nane maji ya kuoshea masufuria. Mashine yenyewe haikuwa kubwa kuliko redio. Mgonjwa anabanwa pua kwa kibanio, anauma mrija wa kadibodi, anavuta pumzi mpaka kifua kinakataa, halafu anapuliza kwa nguvu zake zote, na haachi, anaendelea kusukuma hata anapohisi hakuna kitu tena ndani, mpaka mstari kwenye kioo ulale. Hiyo ni pumzi moja. Tulihitaji tatu nzuri zinazofanana. Halafu anapewa dawa ya kuvuta, anakaa robo saa, anapuliza tena tatu. Pumzi zikipanda sana baada ya dawa, daktari anajua huenda kuna pumu. Mwishowe mashine inatema karatasi nyembamba kama risiti ya supamaketi, yenye tarakimu na mchoro, isiyo na jina. Jina tuliandika sisi kwa kalamu.

Jumanne na Alhamisi zilikuwa siku za vijana, kuanzia watoto wa darasa la saba mpaka wa vyuo. Walikaa kwenye benchi refu la korido, benchi lililotoka kanisa fulani likiwa bado na kibao cha kuwekea vitabu vya nyimbo, wakiwa kwenye masweta ya shule za Njoro, Naivasha, Molo na Elburgon. Wengine walitoka kwao bado giza. Mzee Nyongesa aliwapima mmoja mmoja. Kila asubuhi alianza kwa kuipima mashine yenyewe kwa bomba la lita tatu, akilisukuma polepole mara tatu kama anayepaka mkate siagi, na asipopendezwa na tarakimu alianza upya. Mgonjwa akishavuta dawa, Mzee alikaa naye mle ndani robo saa nzima, mlango umefungwa, wakizungumza habari za shule na mahindi, au wakikaa kimya. Kwa siku tulipima sita. Tukibahatika, saba. Saa tisa alasiri nilitoka na daftari nikawaandikia waliobaki tarehe nyingine, na tarehe hiyo ilikuwa miezi mitatu mbele. Waliinuka bila kugombana, wakakunja barua zao za daktari kwenye mikunjo ileile ya zamani, na mimi nikarudi chumbani nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Siwezi kusema hasira hiyo yote ilikuwa kwa ajili yao. Nilikuwa na haraka ya kila kitu. Nilikunywa chai ikinichoma. Chumba nilichopanga Kaptembwo nilikibadilisha mpangilio kila mwisho wa mwezi, kitanda kikienda mlangoni, kikirudi dirishani, mpaka mama wa mlango wa pili akaniuliza kama nakimbia kunguni. Nilijaza fomu za kazi za nchi ambazo sikuweza kuzionyesha kwenye ramani. Tena kulikuwa na ule ukuta. Kati yetu na chumba cha daktari palikuwa na plaiwudi tu, na nilisikia kila neno la upande wa pili, kukohoa kwao, kalamu yake, viti vikivutwa. Siku moja mkuu wa klinika, mama mmoja mrefu wa miwani ambaye tulimwogopa sote, aliingia kwa daktari akamwambia ana nafasi moja ya mtu kwenda kusoma Nairobi miezi tisa, na atampa yeyote atakayemwonyesha jinsi ya kuifupisha ile laini ya vijana wanaongoja, kwa sababu amechoka kupigiwa simu na walimu wakuu. Nilisimama na bomba la lita tatu mkononi. Toka siku hiyo benchi la korido na Nairobi vikawa kitu kimoja kichwani mwangu.

Nilimweleza Mzee wazo langu tukila chapati na madondo, chakula chetu cha kila Alhamisi. Nikamwambia ile robo saa ya kungoja dawa ifanye kazi tunaitupa bure. Huyu akingoja nje, mwingine aingie apulize, na huyo akitoka kungoja aingie wa tatu, na wa kwanza awe tayari kurudi. Nilimchorea nyuma ya bahasha. Alimaliza kutafuna, akafuta vidole. Alisema, "Watu wawili wanaweza kungoja pamoja, mama. Ni karatasi zao ndizo sitaki zingoje pamoja." Mimi nilimchukulia kuwa ni mzee anayesubiri pensheni, aliyeuvika uvivu wake maneno mazuri. Nikaikunja bahasha yangu. Leo kijana wa kazi akiniletea mchoro nyuma ya bahasha, na huwa wanaleta, nauchukua nausoma mbele yake mpaka mwisho, maana wazo langu lilikuwa zuri. Hilo nalisema hata sasa. Lilikosa kitu kimoja tu, na mimi sikutaka kungoja nijue ni kitu gani.

Mwezi wa tano Mzee akaenda kufanyiwa operesheni ya jicho, wiki tatu nje. Jumanne ya kwanza nilipima tisa. Alhamisi kumi na moja. Niliweka viti vitatu nje ya mlango, vya waliovuta dawa, nikaandika vikaratasi vya saa nikawashikisha mkononi, na nikawa napuliza nao, napiga makofi, nasema puliza, puliza, puliza, usiache, usiache, mpaka sauti ikakauka. Walioshindwa kumaliza pumzi niliwaona wavivu. Karatasi za mashine nilizipanga mezani kwa safu nikisema nitaandika majina nikipata nafasi. Ilikuwa raha ambayo sijaipata tena kazini, na nisipoisema hapa nitakuwa nimedanganya: benchi linapungua ukiliangalia, wanasogea, wanasogea, na kila nikifungua mlango sehemu kubwa zaidi ya kibao cha vitabu inaonekana.

Alhamisi ya pili walikuja kina Mercy wawili. Mmoja alikuwa Mercy Wanjiru wa Gilgil, mrefu, mchezaji wa netiboli, aliyeletwa na matron wa shule kwa ajili ya kikohozi kilichobaki baada ya homa. Wa pili alikuwa Mercy Chebet wa Molo, mdogo wa umbo, kidato cha tatu, mikono ameikunja kifuani, akikohoa ndani ya mkono wa sweta. Huyu wa Molo aliniuliza kama kipimo kinauma. Nikamwambia hakiumi. Akasema kila anayesema hakiumi huwa si yeye anayepimwa. Nilicheka, nikaandika kwenye vikaratasi vyao Mercy 1 na Mercy 2, nikaendelea. Baadaye, nikiwa na wa kumi na moja mle ndani, nilisikia kupitia plaiwudi daktari akimwambia Mercy wa Molo kwamba mapafu yake ni sawa kabisa, kwamba baridi ya kwao na wasiwasi wa mtihani hubana kifua, na ile inhela, dawa ya kuvuta aliyopewa kwenye zahanati, aiache. Msichana akauliza kitu ambacho sikukisikia vizuri. Daktari akacheka kwa upole. Mimi nikamwambia wa kumi na moja, puliza, puliza, usiache.

Siku hiyo nilipima kumi na wanne. Saa nane na nusu mkuu wa klinika alisimama kwenye korido tupu, akavua miwani akaifuta, akaniwekea mkono begani. Hakusema Nairobi lakini niliisikia.

Mzee alirudi na miwani myeusi, jicho moja bado linatoa machozi. Hakuniuliza nimefanyaje. Alichukua rundo la nakala za wiki tatu, akavuta kiti karibu na dirisha, akawa anasoma moja moja, karatasi karibu iguse pua. Alisoma mpaka harufu ya kabeji. Nilikuwa nimeleta chapati na madondo kwa furaha ya kurudi kwake, na sahani yake ikapoa. Kisha akaja akaweka mbele yangu faili mbili, akaweka kidole kwenye kadi ya kwanza, palipoandikwa kimo sentimita mia moja hamsini, halafu akakihamisha kwenye karatasi ya mashine, kwenye zile tarakimu ndogo za juu, za kimo tunachoiingizia mashine kabla ya pumzi, ambazo hakuna anayezisoma. Mia moja sabini na moja. "Huyu msichana alikua akiwa kwenye benchi?" akaniuliza. Kwenye faili ya pili kimo kilikuwa kinyume chake. Mercy 1, Mercy 2. Nilikuwa nimeandika majina mwisho wa saa badala ya mwisho wa kila mmoja, na mapafu mazima ya yule wa Gilgil nimempa yule wa Molo aende nayo nyumbani.

Nilisema haraka kwamba tuwaite wote wawili, tuwapime upya kimyakimya, mambo yatanyooka. Mzee hakukasirika. Aliketi, akaanza kula ile chapati baridi, na akiwa anakula alinieleza kwamba kuwaita kimyakimya kungemsaidia huyu msichana mmoja, lakini mkuu wa klinika angeendelea kuamini kwamba kumi na wanne ni kumi na wanne, na mwezi ujao angedai kumi na watano. Halafu akasema kwamba yeye anaweza kwenda kwa mkuu mchana huo, ni haki yake na ni kazi yake. "Lakini afadhali uende wewe," akasema. "Useme kabla hujasemwa." Nilienda. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta simu ya mezani akaisukuma upande wangu, akaniambia nianze kuwapigia mbele yake.

Mercy wa Gilgil alipatikana mara moja. Dawa ya pumu aliyopewa kwa karatasi ya mwenzake aliivuta mara tatu tu, moyo ukamwenda mbio, mikono ikatetemeka, akaitupa chini ya begi. Nambari ya Mercy wa Molo ilikuwa ya mjomba wake, mtu wa viazi. Nyuma yake nilisikia lori linanguruma na watu wanapakia. Nikajitambulisha, nikataja jina la msichana, akasema, ah, huyo, huyo alibebwa Jumapili wakitoka kanisani, alikuwa amegeuka rangi midomo, na mtandao ukakatika. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mkuu akaniambia nikae chini. Simu ya mjomba ilikuwa imeisha chaji, lakini hilo sikulijua mpaka kesho yake, na sitaeleza jinsi nilivyofika kesho yake.

Molo kulikuwa na baridi ya kukata masikio ingawa jua limetoka. Malori yamejipanga, magunia ya viazi yameshonwa midomo, udongo mweusi kila mahali. Nilimpata mjomba kwa kuuliza, na kabla hajanisalimia nikamwuliza kama Mercy yuko hai. Akanishangaa. Alisema yuko nyumbani toka juzi, alilazwa siku mbili kwenye oksijeni, sasa anakunywa uji. Niliinama nikashika magoti yangu kama mtu aliyetoka kukimbia, na yeye akashika mkoba wangu mpaka nikasimama.

Mama Mercy alikuwa jikoni, jiko la mbao lenye moshi uliojaa mpaka kimo cha kifua, anamenya viazi juu ya stuli. Aliposikia natoka hospitali ya Nakuru alifuta mikono, akanikaribisha, akanimiminia chai, na kabla sijapata pa kuanzia akawa anaomba msamaha. Yeye kwangu. Alisema ni makosa yake, kwamba sisi tulimwambia mtoto hana kitu, na yeye akaamini, na kila Mercy akisema kifua kinabana alimwambia aache kujifanya, karatasi ya hospitali imesema ni mzima. Jumamosi alimtuma shambani kuchimba viazi kwenye umande. Jumapili alimlazimisha kwenda kanisani. Alisema hayo akiangalia kisu. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi na nikakiweka chini, nikamwambia kwamba si yeye. Nikamwambia karatasi haikuwa ya Mercy, ilikuwa ya msichana mwingine, na aliyezibadilisha ni mimi, kwa haraka zangu, kwa kutaka kuonekana.

Aliendelea kumenya. Alimaliza kiazi kile, akachukua kingine, akakimaliza nacho. Nilisikia ng'ombe akijikuna kwenye ukuta wa nje. Nilifikiri atanifukuza na nilitamani anifukuze. Hatimaye akainuka, akasema, "Njoo ulirudie hilo. Yeye asikie." Akanipeleka nyumba kubwa, chumba cha nyuma, ambako Mercy alikuwa ameketi kitandani na blanketi mbili na daftari la hesabu, uso umepungua, macho yaleyale. Nikasimama mlangoni nikarudia yote, neno kwa neno, kama shuleni. Hakuniangalia hata mara moja. Alimwangalia mama yake. "Kwa hivyo sikuwa najifanya," akasema. Mama yake akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mguu juu ya blanketi. Mimi nikatoka nje, nikangoja kwenye baridi, na baada ya muda mrefu mama akaniletea bakuli la viazi vya kuchemsha na maziwa lala, akasimama pale mpaka nikamaliza. Sijui hadi leo kama ilikuwa kunisamehe au ni kwamba tu katika nyumba ile mgeni haondoki na njaa. Nimekula vyakula vingi vizuri toka siku hiyo. Hicho ndicho ninachokikumbuka chumvi yake.

Nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa kwenye mashine, nikapelekwa dirisha la faili, kutoa kadi na kupokea kadi. Nafasi ya Nairobi ilikwenda kwa kijana wa maabara. Nilikwenda mimi pia, miaka mitatu baadaye, na nilisoma vizuri, lakini mwaka ule nilidhani maisha yamekwisha. Laini ya vijana ikarudi kwenye mwendo wa sita kwa siku. Kutoka dirishani niliwaona wakiinuka saa tisa na barua zao, na sasa sikuweza hata kukasirika, maana nilikuwa nimeonyesha kinachotokea mtu akikasirika na kufanya. Niliandika barua ya kuacha kazi mara mbili. Mara ya kwanza niliichana mwenyewe. Mara ya pili Mzee alipita dirishani, akaiona chini ya kiwiko changu, akasema kwamba Mercy wa Molo anakuja Jumanne kurudia kipimo, kwa hivyo kama ni kuondoka niondoke Jumatano.

Alikuja na mama yake. Mzee alimkalisha, akachukua kibanio cha pua, na Mercy akakataa kufungua mdomo. Alitaka nipime mimi. Mzee alimweleza kwamba siku hizi niko upande mwingine. "Yeye ndiye alikosea," Mercy akasema. "Arudie yeye." Mzee akaenda mwenyewe kwa mkuu, sijui walizungumza nini, akarudi akanifungulia mlango. Nikachukua kalamu kabla ya mrija. Nikaandika jina lake lote kwanza, na mwaka wake wa kuzaliwa, na kimo nikampima upya, akinitazama kila herufi. Kisha akapuliza. Alianza vizuri, kwa nguvu, na katikati akakata. Mara ya pili akakata palepale. Mara ya tatu, ya nne. Zamani ningeshapiga makofi. Lakini sikuwa na ujasiri wa kumpigia makofi huyu, kwa hivyo nilinyamaza, na katika kule kunyamaza nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa wasichana wote niliowapigia kelele: kwamba kabla ya kukata pumzi alikuwa anabana mapaja.

Nikamwomba Mzee atutafutie chai. Mzee akaenda bila swali. Nikamwuliza Mercy ni nini. Aliuzungusha ule mrija wa kadibodi. Akasema, kwa sauti ya chini ili isivuke plaiwudi, "Nikipuliza mpaka mwisho, susu inatoka." Mkojo ulimtoka mara ile ya kwanza, kidogo tu, mimi nikiwa nampigia kelele asiache, na akatoka hivyo mbele ya wavulana wa kwenye viti vitatu. Nikampeleka choo cha wafanyakazi, nikasimama nje nikimshikia mlango kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Tuliporudi alipuliza pumzi tatu, mfululizo, mstari ukalala kila mara. Baada ya dawa zikapanda sana, juu kabisa ya zile za mwanzo, na nikamwonyesha kwenye kioo, hapa ni kabla, hapa ni baada, hii ni pumu yako, na ni yako wewe. Alitaka kujua kama anaweza kuondoka na nakala. Aliikunja mara moja tu, akaitia ndani ya kitabu ili isikunjike zaidi.

Wiki iliyofuata nilisimama kwenye korido kwa ruhusa ya Mzee, nikawauliza wasichana wa benchini, mmoja mmoja sikioni. Wengi waliangalia chini wakacheka, na kucheka kwao kulinitosha. Wavulana nao walikuwa na yao. Mmoja aliniambia haelewi neno puliza, anapuliza kama chai, mwingine anaogopa kutapika kwa sababu asubuhi ameshiba githeri. Nusu ya muda wetu ilikuwa ikiliwa na mambo haya, pumzi saba na nane mbovu kwa kila mtu, na hakuna aliyekuwa ameuliza, si mimi na haraka zangu wala si Mzee na upole wake. Yeye mwenyewe alikiri. Alisema miaka yote ile aliwafungia mlango akidhani anawaheshimu, kumbe mlango uliofungwa na mwanamume mzee ndani nao ulikuwa unawaziba wasichana pumzi. Ilimuuma kusema hivyo. Alivua miwani.

Tukaanza upya, sisi wawili, tukibishana karibu kila siku. Wasichana nikawapima mimi, mkuu aliponirudisha. Wote walipelekwa choo kwanza. Walifundishwa pamoja benchini, kwa ukanda wa karatasi ya choo uliobandikwa ukutani, kila mmoja aupulize mpaka ubaki umeinuka, na wakawa wanashindana na kuchekana, na aliyeingia kwetu alikuwa ameshajua. Ile robo saa tuliitumia, kama nilivyotaka, wawili kwa zamu na si watatu, kwa sababu Mzee alikataa watatu na bado anakataa huko aliko. Kwa karatasi zao tulinunua uzi wa sufu kwa kina mama wanaofuma masweta sokoni, kila kijana akafungwa uzi wa rangi yake mkononi, na kipande cha uzi huohuo kikapitishwa kwenye faili, na karatasi haikutoka kwenye mashine bila jina kusomwa kwa sauti na mwenyewe kuitika. Tulifika kumi kwa siku. Hatukuwahi kufika kumi na wanne. Siku hizi kuna mashine ambayo mtoto anapumua tu kama aliyelala na kipimo kinakwisha kabla hajakichoka, na vijana wangu wa kazi hunicheka kwa kusoma majina kwa sauti mara mbili. Wanasema mimi ni mpole sana.

Mercy wa Molo alirudi mara mbili mwaka huo, akitumia dawa yake, akamaliza kidato cha nne mwaka uliofuata. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita daktari, ambaye si mimi, kwa namna ambayo ilikuwa kati ya heshima na kunikumbusha.

Na sasa ile siku niliyotaka kuieleza Gilgil. Ilikuwa Alhamisi ya katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Saa saba mchana nilifungua mlango niite anayefuata na hapakuwa na anayefuata. Benchi lote lilikuwa tupu, kibao cha vitabu kinaonekana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliangalia daftari: waliokuwa na tarehe wote wamepimwa, na miezi mitatu ya mbele imejaa nafasi. Nilimwita Mzee akaja akasimama nami. Hatukujua la kufanya. Yeye alianza kufuta mashine ambayo ilikuwa safi, mimi nikatembea korido yote nikarudi, nikatembea tena. Hapo akatokea msichana wa kama miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ususi kutoka Kihoto kule Naivasha, anapumua kwa mlio baada ya kupanda ngazi, barua ya zahanati mkononi imekunjwa mara nne. Aliniamkia, akasema hataki kunisumbua, amekuja tu kuchukua tarehe.

Nikamwambia aingie.

Akageuka nyuma kuangalia ni nani ninayemwambia.